Mini Inayochemka Foleni ya Feri Tu: Uchambuzi wa Kisa cha Likoni

Gari ni Mini Cooper ya 2012, umbo la R56, injini ya petroli ya N16 yenye sisi 1598 na nguvu farasi 122, giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Lilishushwa bandarini Mombasa mwaka 2019 kutoka Japani, likiwa bado ndani ya kikomo cha miaka minane ambacho Kenya huwekea magari yaliyotumika. Mwenyewe ni mama anayekaa Likoni na kufanya kazi Ganjoni, kwa hiyo gari huvuka kivuko mara mbili kwa siku. Kwa kilomita, safari hiyo si kitu. Kwa injini, ni nzito kuliko kwenda Voi, maana sehemu kubwa yake gari limesimama juani na AC inafanya kazi.

Lalamiko lilianza msimu wa kaskazi, Januari, joto la Mombasa linapokaribia kilele. Jioni, dakika kama ishirini ndani ya foleni, AC inaanza kupuliza hewa vuguvugu. Baada ya hapo taa ya joto inawaka. Siku nyingine taa haiwaki foleni, inangoja gari lizimwe juu ya feri na kuwashwa tena wakati wa kushuka. Lakini akishafika upande wa pili na barabara ikafunguka kuelekea Ukunda, taa inazima yenyewe na ubaridi unarudi kama hakukutokea kitu.

Kabla ya kufika gereji iliyolitatua, gari lilikuwa limepita mikononi mwa watu kadhaa. Liliongezwa maji ya kisima mara nyingi. Lilibadilishwa kifuniko cha tangi la kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, kwa kingine kilichokubali kufungika. Fundi mmoja alisema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwenda. Mwingine alitaka kutoa themostati, valvu inayofungulia maji ya moto njia ya kwenda rejeta, na kuitupa, "hapa Pwani haina kazi." Hilo la mwisho mwenyewe alilikataa, na kukataa kule kulimwokolea pesa.

Mwenendo wa ugonjwa ulikuwa umeshasema mengi. Gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia lina upungufu wa upepo, kwa sababu kwenye kilomita 80 kwa saa upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni bila kuombwa. Gasketi ya hedi ikiungua, hali huwa kinyume: gari hulemewa likipanda mlima au likikimbia, kwa kuwa hapo ndipo gesi ya mwako inasukumwa kwa nguvu ndani ya maji. Na AC kupoteza ubaridi kabla ya taa kuwaka ni ushahidi wa pili wa jambo lilelile. Kondensa, inayopoza gesi ya AC, imekaa mbele ya rejeta, zote mbili zinategemea feni moja. Feni ikilala, presha ya gesi ya AC inapanda, kihisio kinamwamuru kompresa kupumzika, na dereva anapata hewa ya moto usoni dakika kadhaa kabla injini yenyewe haijalalamika. Wengi hulipeleka gari kwa fundi wa AC, linajazwa gesi, kisha linarudi vilevile.

Mini ya kale, ile ya 1959, nayo ilikuwa na sifa ya kuchemka kwenye jamu. Rejeta yake ilikaa ubavuni, karibu na gurudumu la kushoto, ikisukumiwa hewa na feni ya mkanda. Lakini feni ile ilizunguka maadamu injini inazunguka. Hii mpya ya BMW imerithi sura ya mviringo na pua fupi, na nyuma ya pua hiyo kondensa, rejeta na feni vimebanana kiasi kwamba mkono wa mtu mzima haupiti. Feni ni ya umeme, ina mwendo wa taratibu na mwendo wa kasi. Ule wa taratibu unapatikana kwa kupitisha umeme kwenye risista ndogo, kifaa cha kupunguza umeme, iliyofungwa kwenye fremu ya feni. Ule wa kasi hauipitii risista hiyo.

Tena R56 haina geji ya joto, ina taa tu. Taa ikiwaka, mambo yameshaharibika kitambo. Kitu cha kwanza kilichofanywa gereji kilikuwa kuchomeka kisomaji cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na kutazama namba kwenye simu. Hapa watu hushtuka bure: injini hii ikienda vizuri husoma nyuzi 95 hadi 105. Themostati yake hufunguka kwenye nyuzi 105, na ndani yake mna kipashio cha umeme ambacho kompyuta hukitumia kuifungua mapema injini inapobeba mzigo. Aliyezoea Vitz akiona 103 hudhani gari linaungua. Haliungui.

Halafu likaja jaribio la karatasi, ambalo halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imewaka, boneti wazi, AC imezimwa, fundi alishika risiti ya petroli mbele ya grili.

"Mama, washa AC. Weka baridi ya mwisho, usikanyage mafuta."

"Nimeshawasha, fundi."

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu."

Risiti ilining'inia mkononi mwake, haikuvutwa. Kwenye gari lisilo na hitilafu, AC ikiwashwa tu feni ya taratibu huitika ndani ya muda mfupi, na karatasi huruka ikaganda kwenye grili. Wakaiacha injini isimame palepale. Namba zikapanda: 104, 107, 110. Kwenye 112 feni ikaamka ghafla kwa mngurumo wa kasi, ikapuliza mpaka namba ikashuka, ikazima tena. Basi mota ya feni nzima, fyuzi yake nzima, kompyuta inatuma amri. Kilichokufa ni njia ya mwendo wa taratibu peke yake.

Maltimita ilithibitisha. Risista nzima husoma chini ya om 1. Hii haikusoma kitu, waya wake wa ndani umekatika. Pini za soketi yake zilikuwa na ukungu wa kijani, na pembeni unga mweupe. Chumvi. Risista imekaa mahali pa kupigwa na upepo makusudi, ili ipoe, na kwa mtu anayevuka bahari kila siku upepo huo una unyevu wa chumvi. Joto na baridi, joto na baridi, mwishowe inakatika.

Swali linalobaki: kama feni ya kasi ilikuwa hai, kwa nini taa iliwaka? Feni ya kasi ilitosha kulishusha joto pale gereji, kivulini. Kwa nini haikutosha foleni? Jibu la kwanza lilikuwa wazi. Plastiki na sponji za kuziba mianya ya pembeni mwa rejeta zilikuwa zimetolewa siku bampa iliposhonwa baada ya kugongwa kidogo, hazikurudishwa. Gari likisimama, hewa ya moto iliyotoka nyuma ya feni inazunguka kupitia mianya hiyo na kuingia tena mbele. Feni inapuliza hewa iliyokwisha kupuliza. Vipande hivyo huonekana takataka mtu akivishika mkononi, na mafundi wengi huvitupa pamoja na klipu zilizovunjika.

Jibu la pili ndilo lililolibadilisha kazi yenyewe: maji.

Maji katika chombo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa bar 1 zaidi ya hewa ya kawaida, huchemka karibu na nyuzi 120. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye 105 inaishi kwa presha hiyo; bila presha, maji matupu yanachemka hata injini ikiwa katika hali yake ya kawaida. Sasa hili gari lilikuwa na kifuniko cha kuazima, na ndani yake maji ya kisima karibu matupu. Mara feni iliyolala inaporuhusu namba ifike 110, maji yanageuka mvuke juu ya hedi, mapovu yanakaa penye kihisio, taa inawaka. Kulizima juu ya feri kulizidisha, maana pampu inasimama na chuma cha moto kinaendelea kuyapasha maji yasiyotembea.

Mtu akiambiwa anunue kulanti husema, "Kwani Mombasa kuna barafu?" Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka, na inazuia alumini na chuma visilane. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, kila mwenyeji anayajua kwa sabuni isiyotoa povu. Ndani ya injini chumvi hiyo inakula alumini na kuacha gamba kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kama mrija wa soda uliobanwa. Ukikosa kulanti njiani, chukua maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya chupa yasiyo na madini. Soma lebo, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri.

Kwa nini basi maji yalikuwa yanapungua? Injini ilipoachwa ikapoa usiku kucha, tangi lilifungwa pampu ya mkono ya kupimia presha, ikapandishwa mpaka kiasi kinachoandikwa kwenye kifuniko halisi. Ndani ya robo saa mshale ulikuwa umeshuka vibaya. Tochi ikaonyesha: upande wa giaboksi, chini ya nyumba ya themostati, alama ya samawati iliyokauka na tone moja jipya. Nyumba hiyo ni ya plastiki, imeunganishwa vipande, na kwenye injini hizi huvuja karibu kama desturi. Nyuma ya injini, chini ya manifoldi ya hewa, kuna bomba la plastiki linalotoka hapo hadi pampu ya maji. Nalo huwa gumu kama biskuti. Ukibadilisha nyumba na kuacha bomba la zamani, umejipangia miadi ya pili.

Kabla ya kununua chochote walimalizana na hoja ya gasketi ya hedi. Kuna kimiminika cha buluu kinachopitishiwa hewa ya juu ya maji ya tangi injini ikiwa moto. Gesi ya mwako ikiwamo, hugeuka njano. Kilibaki buluu. Mafuta ya injini hayakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yalikuwa yamepungua karibu lita 1, ingawa, kati ya 4.2 ambazo injini hubeba, na hilo si dogo kwa injini ambayo mkazo wa mnyororo wake wa taimingi unategemea presha ya mafuta. Yaliongezwa ya 5W-30 yenye kibali cha BMW kwa injini hii, na mwenyewe akaonyeshwa stiki ya kupimia.

Kuhusu kutoa themostati: kwenye magari ya zamani watu walitoa na maisha yakaendelea. Hapa themostati na nyumba ni kitu kimoja, na kompyuta inangoja joto ililoliamuru. Isipolipata inaandika kosa, inaongeza petroli kana kwamba injini ni baridi, na sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kufika rejeta. Unaharibu kitu kizima kutibu feni.

Spea zilizonunuliwa: nyumba ya themostati kamili na kihisio chake, bomba la nyuma na oringi zake mbili, kifuniko halisi cha tangi, risista ya feni, klipu za bampa, lita 3 za kulanti ya buluu isiyochanganywa, na maji yasiyo na madini lita 25. Maduka mjini yamejaa vya Toyota, lakini injini hii ilibuniwa na BMW pamoja na PSA, kampuni ya Peugeot na Citroën, na ndugu zake wamo ndani ya Peugeot 207 na 308. Mwenye Mini akikosa nyumba ya themostati aulizie ya Peugeot hizo kabla ya kuagiza ng'ambo. Ila aende na ya zamani mkononi, ahesabu midomo ya mabomba na soketi za waya, kwa sababu ziko aina zinazofanana kwa sura tu.

Kazi ya feni haihitaji kumwaga gesi ya AC, na hapa ndipo mafundi wasiolijua gari hili humtia mtu hasara. Bampa ikitoka, fremu yote ya mbele, pamoja na rejeta na kondensa, inaweza kuvutwa mbele kama sentimita 10 juu ya bolti ndefu na kukaa hapo. Mabomba ya AC yanabaki yamefungwa. Skrubu nyingi ni za Torx, zenye tundu la ncha sita; bisibisi ya nyota ya kawaida inazila vichwa.

Risista ilibadilishwa peke yake, feni ikabaki. Ni uamuzi mzuri kama mota haina kelele wala mtikisiko, lakini una mtego. Feni ikivuta ampea 15 kupitia om 0.3, joto linalotoka pale ni kama wati 67. Risista ya fundi redio ya wati 10 itawaka moshi siku ya kwanza. Lazima iwe ya kazi hiyo, iliyovikwa alumini, ifungwe palepale penye upepo, na waya zibanwe kwa kola za shaba kisha zifunikwe mpira wa kusinyaa. Risasi ya kulehemu peke yake haifai, inaweza kuyeyuka. Soketi ilisafishwa na kupakwa grisi ya umeme dhidi ya chumvi. Vile vipande vya kuziba vikachongwa upya kwa sponji ngumu ya godoro iliyovikwa tepu. Havina sura, vinafanya kazi.

Upande wa maji, nyumba ya zamani ilitoka kwa kuvunjika, na bomba la nyuma lilikatika likaacha ncha ndani ya pampu. Ncha hiyo lazima itoke yote, vipande vihesabiwe, la sivyo kimoja kitaingia kwenye mzunguko. Oringi mpya hupakwa kulanti au grisi ya silikoni. Grisi ya magurudumu inazivimbisha, na mwezi haupiti zinavuja. Bolti za nyumba ni ndogo, zinaingia kwenye alumini. Nm 8 hadi 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zatosha, na asiye na spana ya kipimo akaze kwa vidole vitatu.

Kusafisha kulichukua raundi tatu: jaza maji yasiyo na madini, washa hita ya ndani mpaka mwisho, injini ipate joto, zima, ngoja ipoe, mwaga. Raundi ya kwanza ilitoka na rangi ya kutu na mchanga mweupe. Ya tatu ikatoka safi. Hapo watu hukosea hesabu. Mfumo unabeba kama lita 6, lakini ukimwaga, maji mengine hubaki ndani ya bloku. Ukijaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu, unapata kulanti hafifu. Mimina kwanza lita 3 za kulanti tupu, kisha malizia kwa maji mpaka alama. Pua ya gari iinuliwe kidogo, skrubu ya kutolea hewa upande wa themostati ilegezwe mpaka yatoke maji bila mapovu, na injini iende na hita ikipuliza moto wa kweli. Hita ikipuliza baridi huku namba iko 95, hewa bado imo.

Jaribio la mwisho lilifanywa mahali pa ugonjwa, jioni, foleni ya upande wa kisiwani, AC kwenye baridi ya mwisho. Kwa dakika 35 namba ilicheza kati ya 98 na 106, feni ya taratibu ikisikika karibu muda wote. Juu ya feri injini ilizimwa, ikawashwa wakati wa kushuka kwenye 108, ikarudi 101 kabla ya kufika stendi ya matatu.

Mwenyewe aliuliza afanye nini taa ikiwaka tena. Azime AC, afungue vioo, aweke hita moto wa mwisho na feni ya ndani kasi ya mwisho. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Atajuta kwa jasho, lakini namba itashuka. Taa nyekundu isipozima ndani ya dakika moja, akae kando na kuzima. Kifuniko kisiguswe mpaka hosi ya juu ishikike kwa mkono mtupu, na hilo huchukua zaidi ya nusu saa. Likibidi kuvutwa, libebwe juu ya lori, maana otomatiki haipendi kuburutwa. Na siku ambayo redio inatangaza feri zimepungua, barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila kupanda feri, ni ndefu lakini injini inapata upepo.

Kisomaji cha OBD kimebaki ndani ya gari. Tangi lilitiwa alama ya kalamu ya wino mzito, linatazamwa kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwashwa, na kwa wiki tano halijashuka hata milimita. Kimebaki kitu kimoja: asubuhi injini ikiwa baridi kuna mlio mwembamba unaodumu sekunde chache. Pampu ya maji ya injini hii haizungushwi na mkanda moja kwa moja, kati yao kuna gurudumu dogo la mpira linaloshika kwa msuguano, na kwenye ukingo wake limeonekana doa la mafuta. Huenda yanatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Imepangwa ifunguliwe kwenye sevisi ijayo, gasketi kwanza, gurudumu baadaye, kwa sababu gurudumu jipya likilowa mafuta litalia vilevile.